Mwanambuzi Aliyenukia Pilau

Wenye masikio mpo?

Tupo!

Na wenye pua?

Tupo!

Basi zibaneni kidogo, maana ngano hii ina samadi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbuzi walipokuwa wakisema, na watu wasiwasikilize, palikuwa na mkunga mmoja, jina lake Bi Mashavu. Bi Mashavu alipenda usafi. Usafi gani? Usafi wa kukera watu! Akishafagia uwanja, hata kuku walipita kwa kunyata. Akipita njiani, marashi yalitangulia, yeye akafuata, na udi ukabaki nyuma ukisalimiana na majirani.

Kila mtoto aliyezaliwa pale kijijini alipita mikononi mwake. Na kila mtoto alimfanyia yale yale. Alimwosha, akampaka mafuta, akamfukiza udi, akamtia wanja. Wala hakuna hata mmoja aliyemfia mikononi, na jambo hilo alilisema kila alipopata mtu wa kumwambia.

Sasa, Bi Mashavu alikuwa na mbuzi wake, akiitwa Kisirani. Kwa jina hilo hakuonewa. Kisirani alikuwa mbuzi wa kutafuna shuka kambani huku anakutazama machoni. Basi akashika mimba, siku zake zikatimia, na asubuhi moja akazaa pale zizini. Akazaa kitoto jike, cheupe, kimelowa chepechepe, miguu yote inatetemeka. Kisirani akageuka, akatoa ulimi amlambe mwanawe.

"Wee!" Bi Mashavu akapiga ukelele. "Ulimi huo si ndio uliokula maganda ya muhogo jalalani? Ndio umlambe nao mtoto? Hebu lete huku!"

Akamnyakua mtoto, huyoo, ndani. Akamwosha kwa maji ya moto. Akamsugua kwa karafuu iliyotwangwa. Akampaka mafuta ya nazi mpaka akang'aa. Akampa na jina, Asumini.

"Meee!" akalia Asumini. "Njaa!"

"Subiri, mama," akasema Bi Mashavu. "Kwanza usafi."

Alipokwisha akamrudisha zizini. Kisirani akamnusa kichwani, akamnusa mgongoni, akamnusa mkiani. Kisha akaimba:

*Pua, pua, niambie,*
*huyu wangu au wa nani?*

Haya, itikieni. Wa nani!

"Huyu simjui," akasema Kisirani, na akampiga kichwa, pu! Asumini akaangukia ndooni.

Bi Mashavu akashika kiuno. "Ehe! Kumbe mbuzi wangu ana makuu. Karafuu peke yake haimtoshi."

Akamrudisha mtoto ndani. Akamsugua tena, safari hii kwa iliki na mdalasini. Akampeleka zizini. Kisirani akanusa kichwa, akanusa mgongo, akanusa mkia, akaimba:

*Pua, pua, niambie,*
*huyu wangu au wa nani?*

Wa nani!

Pu! Asumini akaangukia kwenye majivu.

Kule nyuma ya choo alikuwako beberu, baba wa mtoto. Bi Mashavu alimfunga huko kwa sababu ya harufu yake. Beberu akacheka mpaka kidevu kikatikisika. "Bi Mashavu! Mtie na bizari basi, tumpakue!"

"Nyamaza, kinuka mkojo wee!" akasema Bi Mashavu.

Akamchukua mtoto mara ya tatu. Akammwagia marashi ya waridi, chupa nzima. Akamfukiza udi mpaka akakohoa. Akamtia wanja, akamfunga na leso shingoni. Bibi harusi mwenyewe angeona wivu. Kisirani akanusa kichwa, akanusa mgongo, na kabla hajafika mkiani akapiga chafya. Hakumaliza hata wimbo. Pu! Asumini akatoka zizini bila kugusa mlango.

Bi Mashavu akapandwa na hasira. "Mama gani wewe? Huna haya? Huna huruma? Mtoto wako anakufa njaa, nawe unamchezea mpira!"

Kisirani akageukia ukutani.

Bi Mashavu akajaribu kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Asumini akayatema. Akajaribu uji. Akautema. Akajaribu maji ya madafu, maana mtu akikosa la kufanya hujaribu lolote. Nayo akayatema. Mpaka jua linashuka Asumini alikuwa hajameza kitu, na sauti yake imekuwa ndogo.

Wakati huohuo harufu ilikuwa safarini. Ilitoka uwanjani kwa Bi Mashavu, ikapita mashambani, ikaingia kichakani, ikamkuta Fisi amelala. Fisi akafumbua jicho moja. "Leo kuna shughuli mahali," akasema. Akajitanda kanga ya watu aliyoianua kambani, akaja mwendo wa madaha, njiani akisikia majirani wakimsema mbuzi aliyemkataa mwanawe, mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzetu?"

"Mimi yaya. Nimesikia una mtoto kakataliwa na mama yake. Nipe nimlee."

Bi Mashavu alikuwa amechoka, mgongo unamuuma. Hata hivyo akauliza, "Umewahi kulea?"

"Wengi."

"Wako wapi?"

"Wametulia, bibi. Hajarudi hata mmoja kulalamika."

Kisha Fisi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Mtoto huyu! Tangu nizaliwe sijanusa mtoto kama huyu. Nani kamtengeneza?"

Kichwa cha Bi Mashavu kikavimba. Tangu asubuhi hakuna aliyeiona kazi yake. "Mimi mwenyewe!" akasema, na akamnyoosha Asumini mbele.

"Hii karafuu."

"Ndiyo."

"Hii iliki."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na huu mdalasini. Bi Mkubwa, hapa umebaki mchele tu!"

Mate yakadondoka, tap, juu ya mguu wa Bi Mashavu. Akatazama mate. Akatazama meno. Akatazama chini ya kanga, akaona mkia. Akamrudisha mtoto kifuani, akaokota chetezo cha udi na makaa yake yote, akakitupa. Kilimpata Fisi makalioni. Akatimka mbio moshi unamfuata, na kanga ya watu akaiacha mwibani. Tangu siku hiyo fisi hutembea nyuma ameinama, anaficha pale palipoungua.

Msicheke sana, maana mtoto bado ana njaa.

Bi Mashavu akamtazama Asumini. Hakulia tena "Njaa!" Hakulia chochote. Shingo ilikuwa imelegea juu ya mkono wake, na ulimi umekuwa baridi. Mkunga akaogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa hivyo, kwa mtoto wa mtu wala wa mbuzi. Akaenda zizini mbiombio, akasimama mlangoni, na sauti yake ikashuka.

"Kisirani, mama, nakuomba. Niambie unataka nini."

Kisirani akageuka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Umeuliza leo, bibi? Chuchu zinaniuma tangu asubuhi. Nilizaa hapa, juu ya nyasi hizi. Nilimsikia mwanangu mara moja tu, ukamchukua. Kisha ukaanza kuniletea watoto wa watu, mmoja baada ya mmoja, wamepambwa, kila mmoja na harufu yake. Wangu umempeleka wapi?"

"Wote ni huyu mmoja," akasema Bi Mashavu.

"Nitajuaje? Hukuniacha nimlambe."

Maneno yale yalimwingia Bi Mashavu mpaka kwenye mifupa, kwa kuwa yalikuwa kweli. Akafungua leso shingoni mwa mtoto. Akamwosha kwa maji matupu na majivu, akamwosha tena, mpaka karafuu ikatoka, mdalasini ukatoka, waridi likatoka. Akaingia zizini na nguo yake ya kutokea. Akapiga magoti kwenye samadi, mikono ile ile ya marashi akaizamisha kwenye nyasi alizozalia Kisirani, zimelowa maji ya uzazi na mkojo. Akampaka mtoto kichwani, akampaka mgongoni, akampaka mkiani. Akamkamua Kisirani yale maziwa mazito ya mwanzo, dang'a, akampaka nayo mtoto na kumdondoshea mdomoni.

"Ala!" akasema beberu kule nyuma ya choo. "Sasa huyo ndiye tuliyemzaa!"

Bi Mashavu akamweka mtoto chini, akakaa palepale, roho mkononi.

Kisirani akaja. Akanusa kichwa. Akanusa mgongo. Akanusa mkia, tena kwa muda mrefu. Akaimba taratibu:

*Pua, pua, niambie,*
*huyu wangu au wa nani?*

Itikieni ninyi.

Wangu!

"Wangu!" akalia Kisirani. "Ulikuwa wapi siku nzima, mwanangu wewe?" Akamlamba masikio, akamlamba macho, akamlamba hata wanja uliosalia. Asumini akatingisha kichwa. Akainuka, akaanguka, akainuka. Akaipata chuchu, na mkia wake mdogo ukaanza kucheza.

Bi Mashavu akaangua kilio. Samadi mpaka viwikoni, mkojo mpaka magotini, analia na kucheka pamoja. Kisirani akamgeukia. Akamnusa shavu moja, akamnusa la pili. Kisha akamlamba uso mzima, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, na Bi Mashavu akafumba macho akatulia mpaka Kisirani akamaliza.

Funzo lake ni hili: ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza anahitaji nini, usimpe tu kile unachokipenda wewe. Bi Mashavu alikuwa na mapenzi tele, na mapenzi hayo nusura yaue.

Ngano yangu imefika mwisho. Tamu yake chukueni mlioisikiliza, chungu yake niachieni mimi, na aliyesinzia katikati asije akaniuliza Fisi alikwenda wapi.