Bata Somoe na Kipimo cha Nyuki

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma wamelala, au? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiendesha magari ya mbao ya kukanyaga kwa miguu, palikuwa na Bata jike, jina lake Somoe. Miguu yake mipana kama makafi. Akikanyaga, gari linakwenda. Kacha-kacha, kacha-kacha! Mlima anaupanda, bonde analishuka. Gari lenyewe alilichonga kwa mkono wake, ubao kwa ubao, na porini kote hapakuwa na ndege mwingine mwenye gari.

Wengine walimcheka. "Tangu lini Bata akaendesha? Hata kutembea anayumba!"

Somoe alikanyaga tu. Kacha-kacha!

Basi siku moja Nyumbu akanywa pombe, akalewa chakari, akashika usukani. Puu! Akamgonga Digidigi, akamvunja mguu. Wanyama wakalia. Wakakutana. Wakatunga sheria. Mpiga mbiu akapanda juu ya kichuguu, akatangaza: "Aliyelewa asiendeshe! Atakayeonekana ana kosa, gari lake litavunjwa, naye hataendesha tena maisha yake yote!"

Wanyama waliposikia hayo wakatawanyika, huyu malishoni, yule kisimani. Walidhani sheria imekwisha. Kumbe bado!

Somoe alibaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Mpiga mbiu akasema: "Lakini anayesimamishwa aambiwe sababu. Asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na mlevi hajulikani kwa macho ya askari, anajulikana kwa kipimo cha Nyuki."

Maneno hayo Somoe akayaweka moyoni.

Ikafika harusi ya binti Kwale. Ngoma, pilau, vigelegele! Somoe akapewa pombe, akakataa. "Mimi leo nina usukani. Nipeni maji ya ukwaju." Jirani yake Kondoo, lo! Yeye hakubakisha tone. Pombe ya mnazi ilimwingia hata kwenye sufu. Ila Kondoo alikuwa na busara moja: alijijua. "Dada Somoe," akasema, "miguu yangu hainisikii. Nipakie nyuma."

Wakaondoka, jua lingali juu. Kacha-kacha, kacha-kacha. Wakafika penye daraja la magogo. Hapo alisimama Ngiri, askari wa barabara, meno nje, mkia juu kama bendera.

"Simama!"

Somoe akasimama. Hakukimbia. Hakutukana.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Shuka, nikuone ukitembea!"

Somoe akashuka. Akatembea. Pata, kulia. Pata, kushoto.

Ngiri akacheka, kho-kho-kho! "Umelewa wewe!"

"Afande, naomba kujua kwanza. Umenisimamisha kwa sababu gani?"

Ngiri akakohoa. Hakuzoea kuulizwa. "Gari lako linanuka pombe. Na wewe unayumba."

"Ahsante kwa kunieleza. Kuyumba, nayumba tangu nilipotoka yaini. Mama aliyumba, na bibi aliyumba."

"Usinichezee! Umekunywa nini?"

"Nikikwambia nimekunywa maji ya ukwaju, utasadiki?"

"Sisadiki! Wote husema hivyo."

"Basi maneno yangu hayatakufaa, na sheria hainilazimishi kuyatoa. Naomba kipimo."

Nyuma yao magari yakaanza kupanga foleni. Nungunungu akafika, Kanga akafika kwa miguu, Pofu akafika. Wote wakatazama.

Ngiri akainama, akanong'ona: "Nyuki wako ng'ambo ya mto, mbali huko. Ya nini kujichosha? Sema tu, 'Nilionja kidogo.' Neno moja, yaishe."

"Naomba kipimo."

Kondoo akainua kichwa kule nyuma. "Dada, kubali tu! Mwenye nguvu mpishe!"

Moyo wa Somoe ukapiga, du! du! du! Alijua neno lile likimtoka, shoka litashuka juu ya gari lake. Akautazama ule usukani, umelainika kwa mbawa zake mwenyewe. Akainua shingo.

"Jirani, njia nitampisha mtu yeyote. Lakini kujisingizia, hapana. Afande, mimi sikukimbii. Nitakaa hapa hapa mpaka Nyuki waje. Naomba kipimo."

Ngiri akatazama foleni. Foleni nayo ikamtazama. Akapiga filimbi, firiii!

Nyuki wakaja, wingu zima. Hao hawana ndugu wala adui. Wakinusa pombe huvuma, wasipoinusa hunyamaza.

"Pumua," wakasema.

Somoe akapumua, hoooo! Nyuki wakatua mdomoni mwake. Wakanusa. Hata jani halikutikisika.

Kimya.

Nyuki wakaruka, wakaenda nyuma ya gari, kwa Kondoo. Vuuuuuum!

Wanyama wakaangua kicheko. Kondoo akajificha ndani ya sufu yake.

"Harufu ni ya huyu," Nyuki wakasema. "Naye hana kosa. Amelewa, akapakiwa na asiyelewa. Dereva ni mzima. Mwache apite."

Ngiri akashusha mkia. Akaondoka njiani. Kisha akauliza, sasa kwa sauti ya chini: "Bi Somoe, hukuogopa?"

"Niliogopa sana, afande. Lakini woga si ushahidi."

Somoe akaliendea gari lake. Hakuharakisha. Alitembea vile vile, pata kulia, pata kushoto, kifua mbele, na safari hii hakuna aliyecheka. Kanga akapiga kigelegele, foleni nzima ikaitikia. Kacha-kacha, kacha-kacha, Somoe akavuka daraja.

Akasikia nyuma yake, "Simama!" Akageuka. Ilikuwa zamu ya Nungunungu. Nungunungu akasimama, akasafisha koo, akasema: "Shikamoo, afande. Nimesimamishwa kwa sababu gani?"

Na Ngiri, bila kucheka, akamweleza.

Wanangu, na nyie wazazi wao, shikeni hili. Ukinywa, usiendeshe, maana mguu wa Digidigi haukurudi kama zamani. Ukisimamishwa, simama kwa adabu. Lakini sheria isikilize mpaka mwisho, maana inayokukataza ndiyo hiyo hiyo inayokulinda.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, igawanye na jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.