Mwangati Ulalao

"Mwangati ulalao ndio ukeshao." Ndivyo baba yenu mdogo alivyowajibu mlipomcheka mama yenu kwamba ni mpole mno, kila siku kimya tu, hata nyumba haimsikii. Nyie mkabaki kutumbuliana macho. Haya, kaeni chini, na wewe Tatu acha kunitafunia muwa masikioni. Neno hili halikuokotwa njiani. Lina nyumba lilikotoka, na siku lilipotoka, watu walitetemeka.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Zaina, ameolewa na Singano, huku huku kwetu milimani Usambara. Mnajua tunavyojenga: unachonga mlima upate kiwanja, na nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo. Ukuta wa Singano ulipita paa kwa urefu. Tangu alipoingia pale akiwa bi harusi, Zaina hakupata raha. Kijiwe kikidondoka tu, moyo unamlipuka.

Basi akatafuta miche ya mwangati. Si ule mrefu wa msituni unaopasuliwa mbao, la! Huu ni mfupi, haupiti goti. Unatambaa tu, na tawi likigusa udongo linatoa mizizi. Kiangazi na masika uko kijani. Akaipanda juu ya ukuta ule, penye jua, pasipotuama maji, akiiachia nafasi ili kila mmoja upate pa kujinyoosha. Hadi anamzaa mwanawe Mbelwa, miti ilikuwa imeshikana na kuanza kuteremka ukutani kama blanketi. Ndipo Zaina akaanza kulala usingizi.

Watu wakaipa jina, mwangati wa kulala. Jina hilo ndilo lililoleta balaa. Mama yake Singano alikuwa mwoga wa maneno, na kwetu mtu akifa hatusemi amekufa, tunasema amelala. Siku Mbelwa alipopata homa, bibi yule akainua macho juu ya chumba cha mtoto, akaiona miti imejilaza pale.

"Mti wa kulala juu ya kichwa cha mjukuu wangu!" akasema. "Zaina, unamwitia nini mtoto?"

"Mama, ni jina tu. Huo umeshika udongo."

"Udongo! Na neno hilo nalo usilitaje mbele ya mgonjwa!"

Akachukua panga. Zaina akamfuata. "Basi punguza ncha zenye majani, mama. Ukikata mpaka penye mti mkavu, huu hauchipui tena."

"Ndicho ninachotaka, usichipue!"

Akafyeka yote iliyokuwa juu ya chumba cha mtoto. Iliyokuwa juu ya jiko aliiacha, si kwa huruma, mkono ulichoka. Singano aliporudi akasema mama ni mama, yakaisha. Homa nayo ikapoa kwa dawa za zahanati, lakini nani angethubutu kumwambia bibi hivyo? Alitamba mtaa mzima. Zaina hakujibu kitu. Alikihamishia kitanda cha mtoto jikoni, basi. Bibi akasonya.

Masika yakaja. Mizizi ya ile iliyokatwa ilikuwa imeshaoza ndani kwa ndani. Asubuhi moja mvua ilinyesha mpaka ng'ambo ya bonde haionekani, na Singano alikuwa shambani. Bibi akaona moshi wa jikoni utamuua mtoto, akambeba akaketi naye kwenye chumba chake kile cha nyuma.

Zaina akasikia vijiwe juu ya bati. Kimoja, kingine, halafu vingi.

"Mama, toka! Toka na mtoto!"

"Miguu hainisikii, Zaina! Njoo mwanangu, njoo!"

Zaina aliruka, akampokonya mtoto kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamburuta mkwewe kwa kanga aliyojifunga. Walikuwa ndiyo kwanza wanavuka kizingiti cha jiko chumba kilipokwenda. Kilikwenda chote, ukuta na bati. Tope likajaa sebuleni, likaziba mlango wa kutokea.

Wakabaki jikoni, wamefungiwa. Na juu yao, jamani, ukuta ni ule ule, mvua ni ile ile. Kwenye kidirisha walikuwa wanaiona ile miti iliyosalia, na udongo unachirizika katikati yake. Zaina alimkumbatia mwanawe, akafumba macho kwa hofu. Bibi hakuweza kufumba. Alishika nondo za dirisha, akaanza kuibembeleza miti aliyoitaka ife.

"Usilale, baba. Leo usilale. Nimekukosea, lakini mtoto hajakukosea. Kesha, baba, kesha!"

Kila tawi likitikisika, alipiga yowe. Sauti ilimkauka, akawa anasogeza midomo tu.

Hatimaye majembe yakasikika nje. Singano na majirani walichimba tope mpaka wakafungua mlango, wakawatoa mmoja mmoja. Bibi hakukimbia kama wenzake. Alisimama kwenye mvua akitazama. Upande aliofyeka ulikuwa jeraha jekundu tangu juu mpaka chini. Upande wa pili mwangati ulikuwa pale pale, nusu ya mizizi inaning'inia hewani, nusu imeng'ang'ania. Akamtazama Zaina, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe ananyonyesha, hana hata neno moja la kumsuta.

"Kumbe," bibi akasema, "ulalao ndio ukeshao."

Majirani wakadhani anasema mti. Zaina alijua anasemwa nani, akalia.

Haya, basi. Jana usiku nani aliamka kuwafunika nyie? Mnaona sasa! Mama yenu yule anapanda na mzigo wa kuni, kimya kama kawaida yake. Mwangati ulalao ndio ukeshao. Inukeni mkampokee.