Wavu wa Nywele za Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mto wa maji ya tope, na ndani yake pomboo, wasioona mbali lakini wenye masikio makali. Ng'ambo ya mto liliishi zimwi. Halikuthubutu kuvuka, maana liliwaogopa pomboo.

Wavuvi wa kijijini walikuwa na desturi yao. Walipiga maji kwa kafi: pa, pa, pa. Pomboo wakaja, wakawasukuma samaki wavuni. Na samaki wa kwanza alikuwa wa pomboo.

Siku moja zimwi likaita kutoka ng'ambo, "Wavuvi, mnajichosha bure. Tegeni huu wavu wa nywele zangu, mkalale. Haukatiki kwa kisu wala kwa meno."

Likautupa. Wakautega, wakalala. Asubuhi wakapata samaki tele, na pomboo waliokufa. Walinaswa chini, wakashindwa kupanda juu kuvuta pumzi. Wavuvi wakajaribu kuutoa wavu, ukang'ang'ania chini ya mto.

Zimwi likauliza, "Je, pomboo wamekwisha?"

"Bado."

Kesho yake likauliza, "Je, wamekwisha?"

"Bado mmoja, jike mwenye mimba."

Basi Mwanamize, binti wa mvuvi Shee, akachukua kafi.

"Baba, huyo akifa, zimwi litavuka litule."

"Na hiyo kafi itafanya nini, mwanangu? Wavu haukatiki."

"Sitaukata."

Akaingia mtumbwini. Zimwi likauliza, "Je, wamekwisha?"

"Mjomba zimwi, vuka ujionee."

"Mjomba? Basi nitaanza na wewe, mpwa wangu."

Likaingia majini hadi kiunoni. Mwanamize akapiga maji: pa, pa, pa. Pomboo akaibuka, akavuta pumzi, akalizunguka zimwi na kulisukumia wavuni, kama anavyowasukuma samaki. Zimwi likarudi nyuma, likarudi tena, likarudi tena, likanasa katika wavu wake. Likavuta, haukatiki. Likauma, haukatiki.

"Nifungue, mpwa wangu."

"Si ulisema mwenyewe haukatiki?"

Likazama na wavu wake.

Pomboo akabaki kando ya mtumbwi, kinywa wazi.

"Anangoja nini?" Shee akauliza.

"Samaki wake wa kwanza, baba."

"Si amepata zimwi zima?"

"Amelinusa, hakulitaka."

Mwanamize akamvulia kambare, akamtupia. Na msimu uliofuata, alipopiga maji, walikuja wawili.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, nami nimefika nayo. Anayekusaidia kupata chakula, mpe fungu lake, wala usimtegee mtego.