Jina Moja la Kufutwa

Sogeeni. Ila anayependa jibu la haraka aondoke mapema, kwa sababu kisa hiki nimekisimulia mara nne, na mara zote nne watu wameondoka wamenuniana.

Katika sekondari moja huko Rungwe palikuwa na wanafunzi watatu waliojaliwa vipaji, wakavitumia vibaya. Tumpale alijaliwa sauti. Lusajo alijaliwa mikono. Ambakisye alijaliwa kufuatwa: akisimama yeye, darasa zima linasimama.

Tumpale ndiye aliyekifundisha Kidato cha Tatu B, darasa lao, kuvuma midomo ikiwa imefungwa, mwalimu asijue sauti inatoka wapi. Lusajo ndiye aliyeupaka ubao nta ya mshumaa, chaki ikawa inateleza tu. Ambakisye ndiye aliyesema "twende" kila kipindi cha hisabati, wakatoka kucheza mpira. Walimu watatu wa hisabati wakaomba uhamisho ndani ya mwaka mmoja. Bodi ya shule ikachoka, ikaamua kwamba muhula ukiisha watatu hao wafukuzwe.

Katikati ya muhula huo akaja Mwalimu Sekela, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Walipomvumia alisema, "Nyie vumeni, mimi nafundisha," akaendelea.

Tumpale alikaa dawati la mbele, akaiona midomo ya mwalimu ikitetemeka. Wiki ya pili, katikati ya mvumo, akasimama.

"Madam, naomba urudie hapo. Sijasikia."

Mvumo ukakosa wa kuuongoza, ukafa. Wenzake walilitupa dawati lake nje, akakaa sakafuni wiki nzima bila kumshtaki mtu.

Kimya kikapatikana, lakini ubao ulikuwa uleule. Mwalimu akapiga magoti, akaandika hesabu kwenye sakafu ya saruji, sketi ikajaa vumbi. Lusajo aliyatazama magoti yale, mchana akashindwa kula. Jumamosi akaukwangua ubao kwa kisu na maji ya moto, akaupaka upya kwa unga mweusi wa betri kuukuu na majani aliyoyatwanga mwenyewe. Jumatatu vidole vilikuwa vimechubuka hata hakuweza kushika kalamu.

Haya, kimya kipo, ubao upo, na wanafunzi wako uwanjani! Inaudhi, najua. Darasani walibaki sita. Mwalimu Sekela akaenda nyumbani kwa bibi yake Ambakisye, na kijana alipomwona akajua ameshashtakiwa. Mwalimu akakaa, akasaidia kuchambua maharage, akasema, "Bibi, mjukuu wako ana akili," akaaga. Aibu ikamshika Ambakisye. Kesho yake akaingia uwanjani, akauchukua mpira mikononi.

"Leo hesabu."

"Na wewe umekuwa mbwa wa Madam?" wakamwuliza.

"Niiteni mnavyotaka. Twende."

Wakaenda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwenye mpira, naye mpira alikuwa anaupenda kuliko chakula.

Mtihani wa muhula ulipofika, kati ya wanafunzi arobaini na mmoja walifaulu thelathini na wanane. Mkuu wa shule akamwita Mwalimu Sekela ofisini, akamsogezea karatasi.

"Hongera, Mwalimu. Kwa heshima yako bodi imekubali kufuta jina moja kati ya yale matatu ya kufukuzwa. Andika jina la anayebaki."

"Moja? Mkuu, hawa wote watatu wamebadilika!"

"Bodi imeshakaa. Jina moja."

"Na nikikataa kuandika?"

"Basi wote wanaondoka. Nataka karatasi yangu kabla ya kengele ya saa nne."

Alitoka amekunja ngumi. Watatu walikuwa wanamngoja kwenye baraza, na habari walikuwa wameshaipata.

"Madam, mimi nilianza peke yangu," alisema Tumpale. "Hakuna aliyekuwa amenitangulia."

"Ulisema maneno mawili matatu ukakaa," Lusajo akamjibu. "Mimi nimetoa damu. Bila ubao ungefundishwa wapi?"

"Ubao mnao, kimya mnacho, watu sita!" alisema Ambakisye. "Thelathini na watano nimewaleta mimi."

"Na nani aliyewatoa?" Tumpale akauliza.

"Na nani aliyewafundisha kuvuma?" Ambakisye akamrudishia.

"Kimya!" Mwalimu alipiga kelele, na tangu afike hakuwa amewahi kupiga kelele. "Kila mmoja alibomoa, kila mmoja akajenga. Mnataka niwapime kwa mizani gani?"

Lusajo alitazama vidole vyake. Ambakisye akasema polepole kwamba bibi yake bado hajui chochote kuhusu kufukuzwa.

Zilibaki dakika tano. Ndipo kutoka Kidato cha Tatu B ukasikika mvumo, midomo imefungwa, darasa zima. Mkuu akatoka ofisini kwa hasira, akatazama huku na huku amtafute aliyeuanzisha. Lakini waanzishaji wote watatu walikuwa wamesimama pale barazani mbele yake, vinywa vimefumbwa, machozi yanawatoka.

"Karatasi, Mwalimu," alisema Mkuu, akanyoosha mkono.

Msinitazame mimi, mimi nimeshagombana na watu wanne kwa ajili ya karatasi hiyo. Kalamu hii hapa, nafasi ni ya jina moja, na mpiga kengele ameshafika kwenye kengele. Haya, wewe uliyekaa kimya huko nyuma: unaandika jina la nani? Na hao wawili wanaoondoka, utawaambia nini?