Tini za Bi Pimbi na Tembo Mwonjaji

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na nyua, majungu na majirani wa kuwasengenya kama sisi, aliishi Bi Pimbi mmoja mjanja kuliko nyote mlioketi hapa. Usinikodolee macho wewe wa mbele, nimesema nyote. Mimi niliyeacha shule darasa la nne ningemkaribia kidogo. Nyinyi, hata vumbi lake msingeliona.

Bi Pimbi alikaa juu ya kilima cha mawe na mumewe na watoto watano. Uani kwake, ndani ya mitungi iliyopasuka, aliotesha mitini mitatu, kila mmoja wa aina yake. Wa kwanza aliuita Kaniki, tini zake nyeusi tii. Wa pili aliuita Sukari-guru, tini zake za kahawia. Wa tatu aliuita Kimya, kwa sababu tini zake hubaki kijani hata zikiiva zikajaa asali. Ukitaka kujua kama Kimya imeiva, tazama shingo. Ikilegea, tini ikaning'inia kama mtu aliyesinzia kitini, hapo chuma ule. Rangi haikwambii kitu.

Mitini hiyo hakuiokota njiani. Kila alikotembea aliomba kijiti cha tawi, akakichomeka kwenye udongo uliochanganywa na majivu, akakinywesha maji ya kuoshea vyombo. Maji yenyewe aliyapandisha mlimani kwa kichwa chake. Miaka mitatu, shingo inamuuma. Tini zikiiva alizianika juu ya jamvi, na hizo ndizo zingelisha watoto kiangazi chote, miezi ambayo juu ya mawe halibaki hata jani moja.

Sasa sikilizeni dhuluma, na atakayecheka nitamtoa nje.

Nchi ile ilikuwa na desturi. Matunda ya kwanza ya ua wowote sharti Jumbe ayaonje mbele ya watu, na Jumbe alikuwa Tembo. Akiyasifu, mwenye ua anakula, na Jumbe ana ruhusa ya kurudi kuonja. Akiyakataa, inapigwa mbiu, na tangu hapo ni ya mwenye ua peke yake. Jumbe hayagusi tena msimu ule. Desturi nzuri tu, watu wasije wakala sumu. Lakini mpe Tembo desturi nzuri, uone atakachoifanyia.

Mwaka uliotangulia alikuja, ti, ti, ti, mitungi ikitetemeka, Nyati mpiga mbiu nyuma yake. Akaonja tini moja ya Kaniki. Akaonja ya pili. Akaonja tawi.

"Jumbe," Bi Pimbi akasema, "hiyo ni ya ishirini."

"Nimeonja za upande wa jua," Tembo akajibu. "Za upande wa kivuli bado."

"Za upande wa kivuli umezimaliza tangu mwanzo."

"Mama, ulimi wangu ni mkubwa. Ladha inachukua muda kufika."

Ilipofika, miti miwili ilikuwa mitupu. Wa tatu hakuugusa. Aliona tini za kijani akasema, "Hizo mbichi," akampa Nyati aondoke nazo akalishe ndama wake. Kisha akatangaza kuwa matunda ya ua ule ni mazuri sana. Matunda yapi? Yale yaliyokuwa tumboni mwake?

Kiangazi kile watoto wa Bi Pimbi walitafuna magome. Kitinda mimba alikonda mpaka akashindwa kuruka jiwe ambalo hata kobe angelipanda. Mama yake akamtazama, akarudi kuinywesha mitini yake.

Msimu mwingine ukafika, miti ikazaa. Mumewe akaanza kuhangaika uani.

"Mama watoto, tuzichume leo hii tuzifiche chini ya mawe."

"Tini ikichumwa mbichi haiivi tena, baba watoto. Utakuwa umeficha kokoto."

"Basi tuhame."

"Na mitungi utaibeba wewe?"

Mume akautazama mgongo wake, akaacha habari ya kuhama.

Bi Pimbi akazipapasa tini moja moja. Kaniki ilishapata weusi wake, lakini ilikuwa ngumu kama jiwe, na kikonyo kilipoguswa kilitoa utomvu mweupe ule unaowasha. Sukari-guru vilevile, imevaa rangi lakini ndani bado. Kimya, kijani kama jana na juzi, ilikuwa imelegeza shingo.

"Naenda kumwita Jumbe," akasema.

"Umerogwa?"

"Naenda kumwita sasa hivi. Akichelewa siku saba tumekwisha."

Akamkuta Tembo amejilaza chini ya kibanda chake anapepewa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Tazama chini, Jumbe. Zaidi. Hapo."

"Aa, mama wa tini. Zimeiva?"

"Mimi ni nani niseme zimeiva? Zimepata rangi tu. Lakini ndege wameanza kuzizunguka, nikaona aibu ndege waonje kabla ya Jumbe."

Tembo akainuka. "Ndege gani huyo asiye na adabu?"

Wakapanda kilimani, Tembo mbele, Nyati nyuma na pembe lake la mbiu, na majirani wote wakafuata. Kuonja kwa Jumbe hakuna aliyekukosa; mwenye shibe alikuja kutazama, mwenye njaa alikuja kunusa.

Bi Pimbi akasimama mbele ya Kaniki. "Jumbe, nasema mbele ya hawa wote. Tini za mti huu naona bado ngumu. Onja moja tu, tena kwa ncha ya ulimi."

"Unanifundisha kuonja?"

"Hata kidogo."

"Mimi nimeonja nyua za nchi nzima tangu bibi yako hajaota meno. Nyeusi ni mbivu. Hata mtoto anajua."

Akazungusha mkonga, akapukutisha tini arobaini pamoja na vikonyo vyake, akazitupa zote kinywani. Nyam, nyam, nyam. Halafu akaacha kutafuna.

Kimya. Si mtini, namaanisha watu.

Utomvu ulikuwa umeenea ulimi mzima. Jicho moja likaanza kutoka machozi, la pili likafuata. Angetema, lakini Jumbe atemeje mbele ya nguruwe na nungunungu? Akameza.

"Zikoje, Jumbe?" akauliza Nyati.

"Zina... zina ukali kidogo. Nipe zile za kahawia nisafishie kinywa."

"Na hizo bado, Jumbe," akasema Bi Pimbi. "Moja tu."

Hakusikia. Akakomba Sukari-guru nusu mti. Sasa midomo ikamvimba, ulimi ukajaa kinywa kama mto wa kulalia.

"Mbona kunawaka?" akanguruma. "Mwanamke, umepanda pilipili?"

"Nimepanda tini, Jumbe. Nimekwambia mara mbili bado. Lakini upo mti wa tatu, huu hapa. Huu nakusihi uuonje. Mbele ya majirani zangu nasema tini hizi zimeiva na ni tamu."

Tembo akazitazama tini za Kimya, kijani kibichi kila moja, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nyeuthi dhimeniungudha," akasema, maana ulimi haukumtii tena, "dha kijani thi dhitaniua?"

"Moja tu, Jumbe."

"Thitaki."

"Nusu."

"Thitaki nathema. Nyati, piga mbiu. Nimedhikataa dhote. Miti yote mitatu."

Nyati akapuliza pembe, puuu, akatangaza kwa sauti yake ile ya kubomoa kuta: tini za ua wa Bi Pimbi, miti yote mitatu, Jumbe amezionja na amezikataa. Wakasikia mpaka ng'ambo ya korongo. Tembo akashuka mbio kutafuta mto, akatia kichwa kizima majini.

Alipotoweka, Bi Pimbi akachuma Kimya moja, akaipasua katikati. Ndani nyekundu, asali inachuruzika. Akampa kitinda mimba kwanza. Akawagawia na majirani, maana hakuwa mchoyo kama baadhi yenu. Baada ya siku saba tini zilizobaki za Kaniki na Sukari-guru zikalegeza shingo nazo, zikachumwa, zikaanikwa. Jamvi likajaa mpaka wakaazima la jirani.

Harufu yake ikashuka kilimani. Na katika nchi nzima pua ndefu ilikuwa ya nani?

Ti, ti, ti. Tembo akaingia uani bila hodi, Nyati nyuma yake. Akawakuta watoto wameketi, kila mmoja ana tini ya kijani mkononi na asali kidevuni.

"Umenidanganya," akasema.

Bi Pimbi hakusimama. "Jumbe, neno gani la uongo nilisema? Nyeusi nilikwambia ngumu, ukala. Za kahawia nilikwambia bado, ukala. Za kijani nilikwambia tamu, ukakimbia. Mwaka jana ulikula vya watoto wangu ukaita kuonja, wakatafuna magome, na hukuja kuuliza kama wamelala na njaa. Leo umesikia harufu ndipo unakumbuka njia?"

Tembo akamgeukia Nyati. "Mbiu ile, uliipiga sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, Jumbe. Korongo lote lilisikia. Kuna waliotoka vitandani."

Majirani walikuwa wameshajaa ukingoni mwa ua, na safari hii hakuna aliyeinamisha macho. Tembo akawatazama mmoja mmoja. Akigusa jamvi lile, kesho nani atamfungulia ua? Sauti ikamshuka.

"Mama, nipe basi moja. Nijue tu ladha yake."

Bi Pimbi akachagua Kimya iliyolegea vizuri, akaiweka kwenye ncha ya mkonga. Tembo akaila. Akafumba macho. Kisha akanyoosha tena mkonga kungojea ya pili.

"Imekwisha, Jumbe," akasema Bi Pimbi. "Hiyo ndiyo inaitwa kuonja."

Na funzo lake ni hili, shikeni mwende nalo nyumbani: ukipewa cheo cha kuonja, onja, usile jasho la mwenzako halafu ukalitafutia jina zuri.