Marjani Farasi Aliyekataa Kulala

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnaumwa meno? Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Hapo kale paliondokea Sultani na farasi wake jike, jina lake Marjani. Desturi ya mji ule, farasi wa Sultani hakanyagi vumbi. Hufungwa langoni juu ya sakafu ya mawe, wageni wamtazame. Kutembea ni kazi ya punda.

Basi Marjani akasimama. Akasimama masika, akasimama kipupwe, akasimama vuli. Magoti yakavimba, yakakaza, akiinua mguu anaguna. Sultani akakunja uso. "Kilema hakai langoni pangu! Mtupeni kichakani, fisi atamaliza."

Akatupwa. Jioni Fisi akaja, akaketi kando. "Bibi farasi, lala nikule."

"Silali!"

"Kwani magoti hayakuumi?"

"Yananiuma. Silali!"

Kulipokucha akapita Punda wa Bi Mwanamkuu mchota maji, mzee kuliko Marjani, anatembea tuku tuku na mitungi mgongoni. Marjani akameza kiburi. "Ndugu yangu, magoti mazima hivyo umeyapata wapi?"

"Alaa! Leo mimi ndugu yako?" Punda akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mimi natembea mchangani kila siku. Nikirudi, Bi Mwanamkuu ananipaka mafuta ya mbarika, anapasha majani yake motoni, ananifunga nayo magotini. Twende. Lakini sikubebi."

Marjani akainua mguu. Loo, uchungu! Akainua mwingine. Fisi nyuma yake: "Utaanguka tu. Lala nikule."

"Silali!"

Bi Mwanamkuu akampaka, akamfunga majani ya moto, akamwambia, "Pole mwanangu. Kesho utembee tena." Kesho akatembea, kesho kutwa akatembea, mtondo akatembea, huku analia na kutukana. Uvimbe ukapungua.

Fisi akaja mara ya tatu. "Bibi farasi, lala..."

Hakumaliza. Teke lilimpata kiunoni, ndiyo maana hadi leo fisi anakwenda makalio chini.

Habari zikafika kwa Sultani. "Mrudisheni kwenye mawe yake!" Marjani akaenda mwenyewe, akaingia hadi barazani.

"Mawe ni ya makaburi, Bwana. Mimi ni mzima."

Sultani akahamaki, ainuke ampige. Hakuinuka! Miaka yote kitini, magoti yake yamekaza kama kufuli. Marjani akamtazama aliyemtupa kwa fisi, na hasira ilikuwa bado inamchemka.

"Inuka," akamwambia.

"Siwezi. Yananiuma."

"Najua yanauma. Mimi sikulala. Inuka!"

Sultani akainuka, machozi yanamtoka. Bi Mwanamkuu akaitwa na Punda wake, akamfunga naye majani ya moto. Wakatoka hadi mchangani, mfalme na farasi, kila mmoja na majani ya mbarika magotini, na Punda mbele akiwaonyesha njia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu kuleni, ikiwa chungu nirudishieni. Kiungo usichokitumia leo kitakukataa kesho, na anayekutaka ulale mtazame meno kwanza. Na wewe uliyekaa hapo tangu magharibi, inuka ukalete kahawa. Fisi hachagui.