Kiti cha Bi Mize

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, zamani ya juzi tu, katika mtaa wa Mkunguni aliishi mshonaji mmoja, jina lake Bi Mize. Alikuwa mtu wa shaka. Ukimletea mchuzi, ataunusa kwanza. Ukimwamkia mara mbili, atajiuliza unataka nini.

Miaka ya kuinamia cherehani ilimkausha kiuno na magoti, hata kusujudu akashindwa. Akawa anaswali juu ya kiti, na hilo lilimuuma kuliko maumivu yenyewe. Siku moja akaweka nadhiri mbele ya watu: atakayemwezesha kuweka paji la uso chini tena, atampa bangili ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Bangili ilikuwa moja tu.

Basi akaja mtaani mwalimu wa yoga, binti aitwaye Tunu, akafungua darasa la wanawake. Bi Mize akashuku. Isije ikawa ibada ya watu wengine. Akamtuma jirani yake, Bi Mwaka, akapeleleze. Bi Mwaka akaenda, akalazwa chali mkekani, akaambiwa avute pumzi taratibu. Akalala fofofo mpaka darasa likaisha. Aliporudi aliona haya kusema, akadai amechunguza mwanzo hadi mwisho, hakuna ibada, ni viungo tu vinanyooshwa.

Bi Mize akaenda. Tunu hakuanza na kunyoosha. Alianza kwa kumfundisha kusikiliza: uzito umeangukia wapi, kisigino kipi kinabeba, pumzi inakwama wapi. Bi Mize maisha yake yote alichunguza wenzake. Sasa akajichunguza mwenyewe, na kuchunguza alikujua. Mwili ukaanza kulegea. Lakini Tunu alimkanya: "Sakafuni usiende bado, bi mkubwa. Mwaka huu hapana."

Nyumbani nako kulikuwa na mambo. Kila aliposwali, pazia la mlangoni lilitikisika. Alijua ni Nasra, mkamwana wake. Ananichungulia nini huyu? Anangoja nife, achukue chumba?

Siku moja, yuko kitini, akasikia kitu kigeni mwilini. Magoti yamepanda juu ya kiuno, na zamani hayakuwa hivyo. Akakipindua kiti. Miguu yote ina alama mbichi za msumeno. Kumbe kiti kinapunguzwa! Akasadiki kuwa Nasra anataka aanguke, avunjike.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akaaga kuwa anakwenda darasani, akazunguka uani, akarudi kwa kunyata. Akamkuta Nasra amechutama, kiti kimelazwa, msumeno mkononi. Hasira zikampanda, akashuka kumpokonya. Msumeno akaupata, na ndipo akahisi ubaridi wa sakafu magotini. Yuko chini. Hakuna aliyemshika. Akatulia, akavuta pumzi, akaupeleka uso taratibu mpaka paji likagusa saruji. Akalia palepale.

Habari hazikulala. Alasiri ileile wote wanne wakakutana sebuleni, na bangili ikatolewa.

Tunu akasema ni yake. Yeye ndiye aliyelegeza kile kiuno, na bila mafunzo yake kiti kingefika sakafuni bi mkubwa asijue. Bi Mize akamjibu kwamba kama angemtii, mpaka sasa angekuwa bado anakatazwa.

Bi Mwaka akakohoa, akakiri kuwa siku ile alilala. "Lakini shoga, ningesema kweli, ungekanyaga kule? Uongo wangu ndio uliokufungulia mlango."

Nasra alisema mwisho, macho chini. "Mama, ulikuwa unaogopa sakafu. Ningekwambia, ungekataa. Nikakuteremsha kidogo kidogo, magoti yazoee."

"Na kama ningeanguka?"

"Kila uliposwali nilikuwa nyuma ya pazia, nikudake."

Bi Mize alitamani kumwamini, alitamani sana, lakini shaka haimtoki mtu kwa siku moja. Ni nani aliyeiona hiyo mikono nyuma ya pazia? Na mbona wote walifunga vinywa mpaka bangili ilipotoka sandukuni? Tena yeye mwenyewe, kama asingemshuku mkamwana wake, asingeshuka chini kamwe. Huenda shaka yake ndiyo iliyomponya.

Bangili i kiganjani mwake hadi hivi sasa, na nadhiri haingoji. Nanyi mlionisikiliza, msitazamane: aliyefundisha kisha akakataza, aliyedanganya mlango ukafunguka, aliyekata kiti kwa siri na kusema alisimama tayari kudaka, au Bi Mize na shaka yake? Je, bangili ile ilistahili mkono wa nani?